Siku Papa Niyo Alizima Moteri mu Muteremuko

Niliondoka Dzaleka, kambi yetu ya bakimbizi, asubuhi ile kwa sababu mbili, na mi sipendi kuzunguka, nitazisema. Ya kwanza, nilikuwa nimechoka kungoja. Nilimaliza segondere, diplome yangu iko mu nailoni chini ya godoro, na kila siku njo ile ile: kuchota maji, kumusaidia mama kushona kola za mashati, kulala. Ya pili, nilipata kazi ya siku moja Lilongwe, na kazi yenyewe ilikuwa kukaa ndani ya gari na kuangalia. Nani anakataa kazi ya kukaa?

Kazi iko hivi. Lilongwe kuko ba-enjenyere banataka kupanga upya zile taa za barabarani, bantu ba Malawi banaziita roboti, ili magari yasiunguze esansi bure kwa kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka. Hawawezi kupima kila gari ya mji. Kwa hiyo balichagua magari machache, bakaweka kifaa kidogo chini ya volani, ule usukani, kinapima esansi inayoingia mu moteri. Kwa zile hesabu banatengeneza kitu banaita modeli. Modeli ni kama mji wa bandia ndani ya ordinatere, ile kompyuta: magari ya hesabu yanatembea humo, yanakunywa esansi ya hesabu, na enjenyere anabadilisha roboti anavyotaka bila kugonga mutu.

Gari moja kati ya zile ilikuwa pikapu ya Papa Niyo, jirani yetu. Yeye ni Murundi, mutu wa kimya, anaendesha ile pikapu kwa tajiri mumoja wa Madisi, anabeba mizigo kati ya Dzaleka na soko la Tsoka kule Lilongwe. Wiki yote alitembea na kifaa. Siku ya mwisho ba-enjenyere balitaka mutu akae pembeni yake, aandike mu telefone kila mara gari inaposimama, imesimama juu ya nini, yaani sababu gani. Tena huyo mutu ajue Kiingereza, juu Papa Niyo Kiingereza hapana, na Chichewa yake inaishia kwa bei ya nyanya. Baliuliza kanisani, Pasta wetu akasema, "Faraja iko." Faraja njo mi.

Sasa sikilizeni, juu hapa njo mambo yote yanaanzia. Huku kwetu mu kambi mutu akikuja na kifaa, hatuulizi kinapima nini. Tunauliza kinapeleka nani. Wiki haijaisha, habari ilikuwa imezunguka kuanzia bombani mpaka kanisani: kile kifaa kinachagua bashofere. Yule ambaye gari yake inakunywa kidogo kupita wengine, yeye na famiya yake banapelekwa Canada. Mi nilieleza. Nilieleza bombani, nilieleza kwenye korali, mate yakakauka. Balinijibu, "Faraja, we ungali mutoto, siri kama ile hawawezi kukuambia." Korali ikamuombea Papa Niyo kwa nyimbo mbili. Na muke wake, Mama Niyo, akamuahidi Mama Sifa kitanda.

Kitanda chenyewe nakijua. Ni cha mbao ya kweli, kipana, Papa Niyo alikitengeneza yeye mwenyewe wakati batoto balianza kuzaliwa. Mama Sifa wa Bukavu, anayeuza vitenge, alikuwa anakitamani tangu zamani.

Asubuhi, mbele ya nyumba yao, nilikuta pikapu imeoshwa mpaka ndani ya matairi. Mama Sifa alikuwa amekaa tayari nyuma, juu ya mabalo yake ya vitenge, anaenda Tsoka.

"Mama Sifa, na we unaomba Canada?" nikamuuliza.

"Canada ya kazi gani? Baridi ile!" akasema. "Mi naomba kitanda. Mungu anajua mugongo wangu."

Mama Niyo akacheka, akaninong'oneza, "Faraja, mwanangu, ukifika kule kwa bakubwa, umusemee vizuri baba yako."

"Mama, hakuna bakubwa. Kuko bantu ba roboti."

"Njo hao hao," akasema, akanipa mandazi.

Nilikasirika, lakini mandazi nilikula.

Kutoka Dzaleka mpaka barabara kubwa ya lami ni vumbi na mabaiskeli ya kabaza, yale yanabeba bantu kwa pesa, hakuna cha kusimulia. Papa Niyo aliendesha polepole, bila kuongea. Mi niliandika: imesimama, mbuzi. Imesimama, mama na kuni. Nikawaza, kama kazi yote iko hivi nitalala.

Kwenye lami tu, muteremuko wa kwanza. Papa Niyo akatoa vitesi, zile gia, akashika ufunguo, akauzungusha. Moteri ikanyamaza.

Sijui kama mushawahi kukaa ndani ya gari inayokimbia na haina sauti. Unasikia upepo. Unasikia matairi. Nilimusikia Mama Sifa kule nyuma anaimba, maneno yote. Niliwaza moteri imekufa, nikashika mulango.

"Papa! Imezimika!"

"Haijazimika. Nimeizima."

"Juu ya nini?"

Akaniangalia kama vile mi njo sijasoma. "Faraja. Moteri ikilala, inakunywa nini?"

"Hakuna."

"Basi."

Chini ya muteremuko akaiwasha tena bila hata kutikisika, na kwa muteremuko uliofuata akafanya vile vile. Niliona alikuwa ameshazoea. Nikamuambia kifaa kile si examen, hakuna wa kwanza wala wa mwisho, banataka kujua gari inatembea namna gani siku zote, basi. Alitikisa kichwa kwa heshima, namna bazee banatikisa wakati hawakusikii.

"Mi nimefanya interview ngapi hapa Malawi?" akasema. "Kila interview balisema ni ya kawaida tu. Halafu jirani anapanda ndege na we unabakia unauliza alijibu nini. Hii mara mi nitajibu vizuri."

Hata baba yangu yuko vile, akisikia mulio wa gari ya ofisi ya bakimbizi anabadilisha shati.

Karibu na Lumbadzi polisi balikuwa bamesimama barabarani. Muteremuko ulikuwepo pale, lakini Papa Niyo aliogopa kuzima mbele ya polisi, aliacha moteri inalia, vitesi ya tatu, akainua tu muguu kwenye esansi. "Hapa tunapoteza," akanung'unika. "Lakini wacha." Tulipita, polisi akatupungia mukono. Kumbukeni hapo Lumbadzi, nitarudia.

Tulipofika Kanengo, mji ukaanza kunishtua. Kwanza malori. Halafu kituo cha esansi, na esansi siku hizo ilikuwa inakosekana: magari yalikuwa yamepanga musitari kutoka kwenye pompi, yakatoka mu kituo, yakala nusu ya barabara, mpaka mbele kabisa. Na hakuna moteri inayolia! Bantu walikuwa banasukuma magari kwa mikono, mwanaume na shati ya ofisi, mama na viatu virefu, kila mara musitari ukisogea banasukuma kidogo, banakaa tena kwenye kivuli cha gari. Mi nilifikiri batajiri hawasukumi kitu. Niliandika: imesimama, foleni ya esansi. Halafu nikawaza, hawa bote banazima. Si Papa Niyo peke yake.

Halafu roboti. Nyekundu, tunasimama. Kijani, tunaenda hatua kidogo, roboti ingine nyekundu. Papa Niyo alizima kwa kila roboti, akawasha, akazima. Bantu nyuma yetu balipiga honi. Kidole changu kilichoka kuandika "roboti". Nilielewa kwa nini ba-enjenyere banalia: ule mji unakunywa esansi umekaa.

Sasa muteremuko wa mutoni, kabla ya Tsoka. Pale barabara inashuka vizuri, na chini kabisa kuko roboti, na bantu banavuka kwenda sokoni kama maji. Juu kabisa ilikuwa kijani. Papa Niyo akatoa vitesi, akazima.

Tukashuka. Upepo. Mama Sifa anaimba.

Mbele yetu minibasi ikasimama ghafla kuchukua mutu. Papa Niyo akakanyaga freni, tukapunguza, minibasi ikatoka. Akakanyaga tena kidogo kwa sababu ya mutu wa mukokoteni. Halafu roboti ikageuka nyekundu, na kabaza ikaingia barabarani kutoka kushoto, imebeba mama, na yule mama amebeba mutoto mugongoni.

Papa Niyo akakanyaga mara ya tatu, na freni ilikuwa jiwe.

Niliona muguu wake unakanyaga. Niliona mushipa wa shingo. Gari haikusikia kitu. Akageuza ufunguo, moteri ikakohoa, ikakataa. "Yesu, Yesu, Yesu," alikuwa anasema, na volani nayo ilikuwa nzito, alikuwa anaivuta kwa mikono miwili kama mutu anayevuta ng'ombe. Mi nilipiga kelele. Sijui nilisema nini, labda sikusema neno hata moja.

Tulipita nyekundu. Kabaza ilijitupa pembeni. Pikapu ikapanda kando ya barabara, ikaingia mu lundo la muchanga bantu ba ujenzi balikuwa bameacha, ikasimama. Mama Sifa akaacha kuimba.

Nilifungua mulango nikabakimbilia. Shofere wa kabaza alikuwa ameshasimama, anatutukana kwa Chichewa, na mi nilimupa haki yote. Yule mama alikuwa amekaa chini. Mutoto mugongoni mwake alikuwa analia, na sijawahi kufurahia kilio vile. Hakuna aliyeumia. Muguu mumoja wa mama ulikuwa bila kandambili.

Kandambili ilikuwa chini ya tairi yetu ya mbele.

Niliinama, nikaivuta, ikatoka imekatika kamba. Nikamupelekea kwa mikono miwili. Aliipokea, akapiga goti kidogo namna banawake ba hapa banafanya, akasema, "Zikomo."

Alitushukuru! Sisi! Nilimuomba musamaha, "Pepani, mama, pepani," lakini alikuwa ameshafunga kamba na kitambaa, amepanda kabaza, amekwenda. Yeye alikuwa na soko lake.

Papa Niyo hakushuka. Alikuwa anaangalia mikono yake juu ya volani. Mama Sifa akakuja dirishani, nywele zimejaa muchanga.

"Papa Niyo! Unataka kunipeleka Canada ya mbinguni?"

Hakucheka. Akawasha moteri, safari hii ikakubali, akatupeleka Tsoka bila kuizima hata kwenye roboti. Tulimushusha Mama Sifa na mabalo yake, tukakubaliana kumuchukua jioni.

Mchana tulifika kwa ba-enjenyere. Ofisi ilikuwa chumba kimoja, ventilateri na ordinatere tatu. Enjenyere ni mwanamuke kijana, Madamu Thoko, anavaa raba na anakula karanga akiongea. Alitusalimia vizuri, akatoa kifaa mu gari, akakifunga kwa ordinatere, na wiki yote ya Papa Niyo ikatokea pale: musitari unapanda na kushuka kama vilima vya kwetu Bukavu. Ukipanda, gari inakunywa. Ukishuka, inakunywa kidogo.

Mahali pengine musitari ulikuwa unaanguka chini kabisa, unalala.

Papa Niyo aliuona. Alikuwa amesahau mutoni kidogo, macho yakang'aa. Akanigusa mukono. "Muulize. Kuko mwingine ana hivi?"

Kabla sijauliza, Madamu Thoko akabonyeza kitu, akasema kwa Kiingereza kwamba pole, kifaa chetu kilikuwa na kasoro, kila mara kinakatika. Zile sehemu zilizolala si za kweli. Atazifuta zote.

Nikatafsiri. Nilikuwa naweza kunyamaza, na nilijua. Kama nanyamaza, anafuta, tunarudi nyumbani, hakuna anayejua kitu, na kesho Papa Niyo anazima tena pale pale juu ya mutoni. Basi nikasema yote kama alivyosema.

Papa Niyo akasimama. "Asifute! Muambie kifaa ni kizima! Ni mimi. Mi njo nilizima."

Madamu Thoko akaacha karanga. "Alizima nini?"

"Moteri," nikasema. "Kwenye miteremuko. Na leo, mutoni, tulipita nyekundu bila freni. Kulikuwa mama na mutoto kwenye kabaza."

"Gari inatembea na moteri imezimwa?" Aliuliza kwa Kiingereza, halafu akarudia kwa Chichewa, kama vile kwa luga ingine jibu linaweza kubadilika. "Juu ya nini?"

Nikamutafsiria Papa Niyo, naye akanyoosha shati, akajibu polepole, namna mutu anajibu interview. "Muambie, ili nikubaliwe. Famiya yangu ni bantu nane. Tuko tayari kuondoka wakati wowote. Muke wangu ameshaanza kugawa vitu."

Nikamueleza Madamu habari ya Canada. Aliniangalia mimi, akamuangalia yeye. Macho yakamujaa maji, akayapangusa na kiganja chenye chumvi ya karanga, ikamuwasha zaidi.

"Muambie hakuna Canada," akasema. "Muambie mi ni mutu wa roboti tu. Tafadhali, muambie vizuri."

Nani anajua kusema vile vizuri? Wiki yote mi nilikuwa naisema kwa hasira, bombani, mbele ya bantu, na hakuna aliyesikia. Sasa nilipaswa kuisema polepole kwa mutu mumoja, na alisikia.

"Papa, anasema Canada hakuna. Hajawahi kuwa nayo. Yeye ni mutu wa roboti."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akakaa. Halafu akauliza kitu ambacho sikutegemea. "Muulize basi, nimeokoa esansi kiasi gani? Ile kweli ibakie."

Madamu Thoko akarudi kwenye ordinatere. Akatafuta asubuhi yetu, akatuonyesha kwa kidole: hapa mulikuwa mumezima, musitari umelala. Hapa pia. Halafu akafika mahali pengine, musitari umelala vile vile, chini kabisa. "Na hapa?"

Niliangalia jina la mahali. Lumbadzi. "Hapa hatukuzima," nikasema. "Hapa kulikuwa polisi. Alikuwa na vitesi ya tatu, aliinua muguu tu."

"Njo hivyo," akasema. Akaeleza, na mi nilimurudisha nyuma mara nyingi juu sikuamini. Gari kama ile, ukiwa mu vitesi, unashuka, umeinua muguu, inafunga esansi yenyewe. Matairi njo yanazungusha moteri. Hainywi hata tone, na freni inabakia laini, na volani inabakia nyepesi. Kuzima mu muteremuko hakukusaidia hata kidogo. Kulimunyang'anya freni tu: moteri ikilala, unakanyaga mara moja, mara mbili, na ya tatu hakuna.

Nilitafsiri kipande kwa kipande. Papa Niyo alikuwa anaangalia Lumbadzi kwenye ordinatere, ile mahali alisema tunapoteza.

"Kwa hiyo ile kandambili..." akasema, hakumaliza.

Madamu Thoko hakufuta kitu. Alisema modeli yake haikujua kwamba bantu banazima, iliwaza kila gari iliyosimama kwenye roboti inakunywa, na magari ya miteremuko yote yana freni. Alitaka kujua bashofere wangapi banafanya vile. Papa Niyo akajibu bila kuinua kichwa, "Tangu esansi ianze kukosekana? Bote tunaojuana." Madamu Thoko akafunika mudomo na mukono. Alipotusindikiza alimuambia Papa Niyo zikomo, na niliona lile neno lilimuchoma kama lilivyonichoma mimi.

Jioni tulimuchukua Mama Sifa Tsoka, ameuza, mabalo yamepungua, ana furaha. Kwenye miteremuko ya kurudi, Papa Niyo alikuwa anaweka vitesi ya tatu, anainua muguu, moteri inalia kwa sauti kubwa. Mama Sifa akagonga kabini.

"Papa Niyo! Zima bwana! Tuokoe esansi, kitanda kiko kwenye hatari!"

Mi nikatoa kichwa dirishani, nikaanza kumupigia kelele maelezo yote, vitesi, tairi, freni. Upepo ulibeba nusu. "Weee, mutoto wa segondere!" akanirudishia. Lakini sikuacha. Kufika kwenye vumbi ya Dzaleka Mama Sifa akaniuliza, polepole, "Kwa hiyo ile mara tungekufa bure?"

"Bure kabisa."

"Mungu wangu." Hakuimba tena.

Nilichojifunza nitakisema hapa, juu kule bombani hamunisikiagi. Bashofere, muteremuko unashukwa na moteri inalia na vitesi ndani. Anayezima haokoi kitu, anatupa freni. Na sisi wengine tuache kumuimbia mutu tumaini ambalo hakuna aliyemuahidi, juu ataliendesha mpaka kwenye batoto ba bantu.

Tulipofika mbele ya nyumba yao, jua lilikuwa linaisha. Kitanda kilikuwa nje. Mama Niyo alikuwa amekiosha na sabuni, amekikausha, amekifunga kamba vizuri ili Mama Sifa asihangaike kubeba. Yeye alikuwa amesimama pembeni na batoto, bamevaa nguo za kanisa.

"Balisema nini?" akauliza.

Papa Niyo akashuka. Alizunguka kitanda, akafungua kamba, fundo kwa fundo. Mama Sifa akashuka nyuma na mabalo yake.

"Kitanda tutalalia," Papa Niyo akasema. "Faraja, shika kule."

Nikashika kule. Kilikuwa kizito kuliko nilivyowaza, na mulango wao ni mudogo, inabidi kukilaza ubavu. Tulijaribu, kikakwama. Mama Sifa akatua mabalo chini, akakuja akashika katikati.

"Inamisheni kwangu," akasema. "Polepole. Polepole, tusivunje."